Kwenda kuona nyangumi na pomboo kaskazini: mwongozo kwa aliyezoea boti za Ziwa Kivu

Mtu aliyekulia Goma au Bukavu akienda kumtembelea ndugu yake Norway, Iceland au Quebec, siku moja ataambiwa: twende baharini tukaone nyangumi. Anakubali haraka, maana boti anazijua. Ameshavuka Kivu kwa kano rapidi (boti ya kasi) ya asubuhi, ameshalala kwenye boti kubwa ya usiku kati ya miji hii miwili. Shida huanzia hapo hapo. Ziwa letu lina maji ya nyuzi 23 au 24 na mawimbi yake ni mafupi. Upepo ukilala, nayo hulala. Bahari ya kaskazini ina maji ya nyuzi 4 hadi 10, tena huyumba hata siku isiyo na upepo, kwa sababu wimbi lake limetoka mbali, pengine kwenye dhoruba ya juzi. Anayejiandaa kwa baridi na kwa kuyumba hufurahia safari. Asiyejiandaa hukaa ndani na mfuko wa kutapikia huku wenzake wakipiga kelele nje.

Mahali na mwezi

Kwanza amua unataka kuona mnyama gani, kwa sababu hawapatikani wote mahali pamoja.

Iceland ndiko rahisi zaidi kwa mgeni. Húsavík, mji mdogo wa kaskazini kwenye ghuba ya Skjálfandi, hupeleka boti hasa kuanzia Aprili hadi Oktoba. Reykjavík, kwenye ghuba ya Faxaflói, ina boti karibu mwaka mzima hali ya hewa ikiruhusu. Safari huchukua kama masaa matatu. Wanaoonekana sana ni nyangumi mwenye nundu, nyangumi minke, pomboo wa mdomo mweupe na marsuini, yule mdogo wa mita moja na nusu asiyependa boti. Nyangumi wa buluu huingia Skjálfandi mara mojamoja mwanzoni mwa majira ya joto, lakini usikate tiketi kwa ajili yake peke yake.

Norway ina safari mbili tofauti kabisa, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya Andenes, kwenye visiwa vya Vesterålen. Pale bonde la bahari la Bleik linashuka karibu sana na pwani, na kashaloti, nyangumi wakubwa wenye meno na kichwa kama boksi, huja kula kwenye kina hicho. Wote ni madume. Majike na watoto hubaki kwenye maji ya joto zaidi kusini. Ukitaka bahari iliyotulia, nenda majira ya joto. Ya pili ni ya Skjervøy, kaskazini mwa Tromsø, kuanzia mwanzo wa Novemba hadi karibu mwisho wa Januari. Orka, wale weusi na weupe, na nyangumi wenye nundu hufuata samaki waitwao heringi wanaoingia kwenye fyodi (ghuba ndefu nyembamba kati ya milima) kupitisha baridi. Hapo mtu wa Kivu ana faida: kama vile mvuvi wa sambaza anavyojua kwamba samaki akihama nyavu zinahama naye, orka nao hawana anwani. Miaka ya 1990 walikuwa Tysfjord, mbali kusini. Baadaye wakaja karibu na Tromsø. Kisha wakasogea Skjervøy. Kabla ya kulipa, uliza msimu huu wako wapi, usitegemee picha za miaka mitano iliyopita.

Jambo jingine kuhusu Skjervøy: kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Kuna masaa matatu au manne ya mwanga hafifu mchana, basi. Nusu ya kwanza ya Novemba bado kuna jua, kwa hiyo kama unaweza kuchagua, chagua hapo. Ukipanda boti kubwa kutoka Tromsø, safari nzima ni ya siku nzima, na sehemu kubwa ya muda huo ni kwenda na kurudi. Kulala Skjervøy na kupanda boti ya palepale kunapunguza mwendo wa baharini, ingawa njia ya barabara nayo ni ndefu.

Quebec ina Tadoussac, pale mto Saguenay unapokutana na Saint-Laurent. Msimu ni Mei hadi Oktoba. Maji baridi ya chini hupanda juu pale na kuleta krili (wadudu wa baharini kama kamba wadogo sana) na samaki wadogo, ndiyo maana kuna minke, nyangumi-pezi, wenye nundu, na baadhi ya miaka nyangumi wa buluu. Beluga, wale weupe, wanaishi hapo mwaka mzima. Kwa Mkongomani kuna raha ya ziada: maelezo yote yanatolewa kwa Kifaransa, na mzee uliyekuja naye ataelewa kila kitu bila mkalimani.

Norway na Iceland ziko ndani ya Schengen, kwa hiyo viza moja inafaa kwa zote mbili, hadi siku 90 ndani ya siku 180. Canada ina viza yake.

Boti ipi

Kuna za aina mbili, na tofauti yake si bei tu.

Boti ya mpira yenye injini kali huchukua watu kama 12. Inafika haraka, uko karibu na maji, nyangumi akipumua unasikia harufu. Lakini haina choo, haina paa, na kila wimbi linapiga mgongo na magoti. Kampuni nyingi hazipakii mama mjamzito, mtu mwenye ugonjwa wa mgongo, wala mtoto mdogo. Ni kukaa umepanda kiti kama cha pikipiki masaa mawili au zaidi. Mzee wa miaka 65 anaweza akavumilia, ila uliza goti lake kwanza.

Boti kubwa ina chumba chenye joto, choo, chai, na sakafu ya juu ambako unaona mbali zaidi. Kwa familia, na kwa mara ya kwanza, chukua hii. Wanaosema boti kubwa haionyeshi kitu hawasemi kweli: kutoka juu unaona mwili wa mnyama ndani ya maji, jambo ambalo kutoka kwenye boti ya mpira ni gumu.

Tiketi ya mtu mzima mara nyingi huzidi euro 80, na boti ya mpira ni ghali zaidi. Soma sharti la siku isiyo na nyangumi. Kampuni nyingi hazirudishi pesa. Zinakupa safari nyingine ya bure. Ahadi hiyo ina maana tu kama bado uko mjini kesho yake. Kwa hiyo panga safari siku ya kwanza au ya pili ya ziara yako, kamwe si siku ya kupanda ndege.

Kusoma upepo

Usiangalie mvua, angalia upepo na urefu wa wimbi. Norway tumia yr.no, Iceland vedur.is. Zote mbili hutoa upepo kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa. Chini ya mita 5 kwa sekunde ni siku nzuri sana. Kati ya 5 na 8 inaenda, ila povu jeupe linaanza kujitokeza juu ya mawimbi na marsuini na minke wanapotea humo. Ikizidi 10, hata kama kampuni inatoka, omba kubadilisha siku. Wimbi la chini ya mita moja halisumbui wengi. Likifika mita moja na nusu, nusu ya abiria watajuta kifungua kinywa chao.

Ukiweza kuchagua saa, chukua safari ya asubuhi. Majira ya joto upepo wa pwani mara nyingi huongezeka mchana.

Kichefuchefu

Hapa ndipo watu wa ziwa hujidanganya. Kutotapika Kivu si ushahidi wa chochote. Kinacholeta kichefuchefu ni ubongo kupokea habari mbili zinazopingana: sikio la ndani linasema unapanda na kushuka, macho yanaona ukuta wa chumba uliotulia. Wimbi refu la bahari, lile linalokuinua polepole na kukushusha polepole, ndilo baya zaidi, na Kivu hatuna.

Dawa hunywewa kabla, si baada. Ukishaanza kutapika, kidonge kinatoka nacho. Dimenhidrinati (Canada huuzwa kwa jina la Gravol) inywe dakika 30 hadi 60 kabla ya kupanda, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye boksi. Inaleta usingizi, kwa hiyo aliyeimeza asiendeshe gari kurudi, wala asiichanganye na bia. Kuna pia plasta ya skopolamini inayobandikwa nyuma ya sikio. Hiyo inabandikwa angalau masaa manne kabla, inakausha mdomo, na haifai kwa mwenye presha ya macho. Mara nyingi inahitaji karatasi ya daktari. Mama mjamzito, mtoto, na mtu anayekunywa dawa nyingine waulize farmasi kwanza. Tangawizi inasaidia baadhi ya watu. Ibebe, lakini usiitegemee peke yake siku ya wimbi la mita mbili.

Chakula: kula kidogo saa moja na nusu hivi kabla. Mkate, ndizi, biskuti kavu. Tumbo tupu ni baya kama tumbo lililojaa. Acha mafuta, maziwa na kahawa nyingi. Ukiwa ndani ya boti, simama katikati au kuelekea nyuma, sakafu ya chini, maana mbele ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Macho kwenye mstari ambapo maji yanakutana na mbingu. Simu iache mfukoni: anayeandika ujumbe wa WhatsApp ndiye wa kwanza kugeuka rangi. Ukihisi mate yanajaa mdomoni, toka nje upate hewa mapema, upande ambao upepo unatoka mgongoni kwako. Ukitapikia upande wa upepo, jirani yako atakukumbuka.

Mavazi

Hesabu si joto la hewa peke yake. Nyuzi 5 pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili unahisi kama nyuzi 0. Nyuzi 0 na upepo huohuo, kama 6 chini ya sifuri. Na boti ikiwa mwendoni inatengeneza upepo wake yenyewe, hata Julai.

Vaa kwa tabaka tatu. Ya ndani, inayogusa ngozi, iwe sufu au polyesta nyembamba. Pamba isikaribie mwili: ikilowa jasho au maji inakaa baridi na haikauki. Ya katikati ni sweta nene la sufu au jaketi la manyoya ya polyesta. Ya nje izuie upepo na maji. Si lazima kununua kule kwa bei ya kule. Kwenye chagua (mitumba) za soko la Kadutu, Bukavu, au la Virunga, Goma, nguo hizi zinapatikana, kwa sababu zilitoka hukohuko kwenye baridi. Soma kitambaa cha ndani: ukiona neno «laine» (sufu), chukua, ukiona «100 % coton» (pamba tupu), rudisha. Kagua zipu na mishono ya mabegani, maana maji huingilia hapo.

Miguuni, soksi moja nene ya sufu ndani ya kiatu kilicholegea kidogo. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana zinakata damu, na vidole vinapoa haraka kuliko vya mwenye soksi moja. Soli iwe ya mpira yenye meno. Sakafu ya boti huwa na maji. Mikononi, glavu nyembamba za kubonyezea simu ndani ya glavu kubwa. Kofia ifunike masikio. Kilemba cha kitambaa kikubwa upepo utakibeba. Kiweke chini ya kofia.

Boti nyingi hutoa ovaroli nene linaloelea. Livae juu ya nguo zako, usivue sweta kwa kudhani linatosha. Na nenda chooni kabla ya kulivaa. Kulivua na kulivaa tena kwenye boti inayoyumba ni kazi ya dakika kumi, na nyangumi hatakusubiri.

Jile na maji baridi

Fika bandarini nusu saa kabla. Utapewa jile (koti la kuokolea maisha) na maelezo ya usalama. Yasikilize hata kama lugha ni ngumu, na muulize ndugu yako atafsiri palepale. Kwetu ziwani wengi hukalia jile badala ya kuivaa. Kule boti ya mpira haiondoki kama haijafungwa mwilini, pamoja na mkanda unaopita kati ya miguu. Usiifungie ndani ya koti: ile inayojijaza hewa yenyewe inahitaji nafasi, ikijaa chini ya koti itakubana kifua.

Sababu ya ukali huo ni maji. Mtu akianguka kwenye maji ya nyuzi 4 au 6, dakika ya kwanza pumzi inakatika kwa mshtuko na anaweza kunywa maji hata kama ni muogeleaji hodari. Baada ya kama dakika kumi mikono haishiki tena kamba. Kupoteza fahamu kwa baridi huja baadaye sana, yapata saa moja. Kwa hiyo anayeanguka bila jile hazami kwa sababu ya baridi ya mwili mzima. Anazama mapema zaidi, kwa pumzi na mikono. Ukianguka: usiogelee, geuka chali, tuliza pumzi, subiri boti igeuke.

Namna ya kutafuta

Kiongozi hutangaza mahali kwa namba za saa: mbele ya boti ni 12, kulia 3, nyuma 6, kushoto 9. Ni namba zilizochorwa kwenye uso wa saa, si saa tunazohesabu kwa Kiswahili. Akisema «trois heures» nawe ukafikiria saa tatu asubuhi, mshale uko kwenye 9 na utageukia kushoto, wakati mnyama yuko kulia.

Tafuta kwa macho matupu kwanza, ukipitisha upande mmoja polepole, kisha chukua darubini. Darubini ya 7x50 au 8x42 inatosha. Ukizidisha nguvu, mtikisiko wa boti unafanya usione kitu. Dalili ya kwanza mara nyingi ni ndege: wakishuka kwa fujo mahali pamoja, kuna samaki waliosukumwa juu, na kuna aliyewasukuma. Ya pili ni pumzi. Ya nyangumi wa buluu inasimama kama nguzo ya mita 9 au zaidi. Ya mwenye nundu ni fupi na imetawanyika, kama mita 3. Ya kashaloti inaelekea mbele na upande wa kushoto, kwa sababu tundu lake la pua liko kushoto. Ya minke karibu haionekani. Huyo utaona mgongo na pezi dogo tu, na haonyeshi mkia. Orka dume utamjua kwa pezi la mgongoni linaloweza kufika mita 1.8, limesimama wima. Orka, kwa njia, ni wa jamii ya pomboo. Na ukiona duara la maji laini kama mafuta katikati ya mawimbi, hiyo ni alama ya mkia wa nyangumi aliyezama sasa hivi.

Mwenye nundu hupumua mara kadhaa, kisha anakunja mgongo juu zaidi na kuinua mkia: hapo anazama kwa dakika kadhaa, pengine hadi 15. Andaa kamera anapokunja mgongo, si mkia ukishatoka. Kashaloti ni subira nyingine. Hukaa juu kama dakika kumi akipumua, kisha anashuka kwa dakika 30 hadi 45. Nahodha wa Andenes huteremsha kipaza sauti ndani ya maji asikilize milio yake ya kugonga; milio ikikoma, mnyama anapanda, na boti husogea.

Nahodha mwema

Anakuja kwa ubavu, sambamba, polepole. Hamkati mnyama njia kwa mbele wala hamfukuzi kwa nyuma. Kwenye hifadhi ya bahari ya Saguenay–Saint-Laurent, iliyoanzishwa 1998, boti lazima ikae mita 400 kutoka kwa beluga na nyangumi wa buluu. Usimlaumu nahodha akikataa kusogea. Kelele za injini hufunika milio ambayo wanyama hawa hutumia kutafutana na kutafuta chakula. Pia ni hesabu yako mwenyewe: kashaloti akisumbuliwa anazama kabla hajamaliza kupumua, na wote mnakaa karibu saa nzima mkitazama maji.

Ukiona boti sita zimezunguka orka mmoja, waulize wahudumu wa boti yenu kama wanaweza kuondoka. Wakati mwingine wanakubali.

Bila boti

Siyo kila mtu ana euro 80, wala tumbo la bahari. Tadoussac unaweza kukaa kwenye mawe ya Pointe-de-l'Islet na kuona minke wakipita chini yako. Cap-de-Bon-Désir, mashariki kidogo, ni hivyohivyo. Baie-Sainte-Marguerite kwenye Saguenay, beluga huja ghubani majira ya joto. Scotland, pomboo wa Moray Firth hukaribia sana ufukwe wa Chanonry Point maji ya bahari yakianza kujaa. Angalia ratiba ya maji, fika mwanzo wa kujaa, ukae masaa mawili. Vaa vilevile kama wa boti.

Picha

Simu inatosha kwa boti kubwa. Washa picha za mfululizo, usivute picha karibu zaidi ya mara mbili. Mwenye kamera aweke kasi ya 1/1000 au zaidi mchana, 1/500 na ISO 3200 kwenye giza la Skjervøy. Betri hufa kwa baridi: ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukiingia kwenye chumba chenye joto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto, la sivyo kioo kinajaa ukungu na utapoteza dakika ishirini kukifuta.

Picha yenye thamani zaidi ni ya chini ya mkia wa mwenye nundu, mnyama akizama na wewe uko nyuma yake. Michoro ya weusi na weupe pale haifanani kwa nyangumi wawili. Ipakie kwenye tovuti ya Happywhale pamoja na tarehe na mahali. Wakimtambua, utaona alishaonekana wapi kabla yako, na wakimwona tena mwaka ujao, watakuandikia.